Siku Niliyokanyaga Marumaru Mabichi

Kwanza niseme kwamba nyati simlaumu. Nyati alikuwa na ndama nyuma yake na mimi nilikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, tukakutana kichakani juu ya kijiji chetu cha Nainokanoka, kila mmoja akashtuka. Yeye akafanya kazi yake. Ninayemlaumu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeniacha nimelala ndani siku mbili huku akisema nyonga itajirudi yenyewe kwa mchuzi wa mizizi. Na ninamlaumu mwenye gari aliyekuja siku ya pili, akachungulia mlangoni, akasema damu itachafua viti vyake. Hao wawili ndio walionipa huu mguu ninaouburuta. Nimeshawasema mbele ya macho yao, kwa hiyo sioni aibu kuwasema hapa.

Nimeanza na mguu kwa sababu bila huu mguu na mkongojo wake, haya ya dukani yasingetokea.

Nilishuka mjini Karatu kutibiwa na sikurudi tena juu. Nikapanga chumba, nikawa nauza maziwa kwenye migahawa, binti yangu akakulia hapa, akasoma kunizidi, maana mimi niliishia darasa la pili. Akaolewa na kijana wa hapahapa, Mwiraqw, ndio haohao Wambulu, fundi. Sikukataa. Nilisema tu mifugo ya mahari ipelekwe juu kwa ukoo kama inavyotakiwa, na shemeji ndiye aliyeipokea, kwa kuwa mimi siku hizo nilikuwa nimelazwa tena kwa ajili ya nyonga.

Sasa kuna jambo la kwetu, watu wa Kimaa, ambalo msomaji wa pwani huenda halijui. Mwanamume akioa binti yako, anakuletea kondoo jike. Huyo kondoo si wa baba wala wa ukoo, ni wako wewe mama uliyezaa. Tangu siku hiyo hamuitani kwa majina. Yeye anakuita Paker na wewe unamwita Paker, na jina hilo linatokana na huyo kondoo. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamgusani, lakini mna namna ya kuitana. Bila kondoo huna neno la kumwitia. Na mtu usiye na neno la kumwitia utaingiaje kwake?

Nilipotoka hospitali nikamuuliza shemeji, kondoo wangu yuko wapi? Akacheka. "Hao watu wa huko chini wanajua mambo ya kondoo? Wanajua mahindi na maharage."

Mama haombi kondoo wake kwa mkwe, wala hamtumi binti akamwombee. Anasubiri. Nikasubiri mpaka siku moja ikaletwa mbuzi. Mbuzi! Mweupe, mnene, kamba mpya shingoni. Nikamrudisha kwa mkono wa jirani, na kamba yake ileile, bila neno. Binti akaja akilia, akasema, "Mama, unamchukia mume wangu kwa kuwa ni Mmbulu." Nikamwambia nenda. Akaenda. Akajifungua mtoto wa kiume, na mimi nikakaa miezi saba upande huu wa barabara ya lami, yeye akakaa upande ule, na mjukuu sijamwona. Watu walinihadithia tu. Ana nywele nyingi, wanasema. Ana masikio yako.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku niliyoingia dukani.

Lile duka ni kubwa, la kujichukulia mwenyewe, na asubuhi magari ya watalii husimama pale kubeba maji kabla ya kupanda kwenye geti la hifadhi. Mimi sikulipenda sana. Lilikuwa na giza, dari iko chini kama nyumba ya kwetu, na marafu yamebanana hata mkongojo unakosa pa kukaa. Nilikuwa naingia, nachukua sukari, sabuni ya mche na majani ya chai, natoka. Asubuhi ile nilikuta nje kuna lundo la mchanga na mifuko ya saruji, na mlangoni wametundika turubai la bluu. Nikataka kurudi. Binti wa kaunta akaniita kwa neno la kwetu la mama.

"Yeyo, ingia tu! Tunauza!"

Nikainua turubai, nikaingia, nikasimama.

Dari haikuwepo. Waliitoa yote, na juu mabati kadhaa yameondolewa, na jua limeshuka moja kwa moja mpaka kwenye magunia ya mchele. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye ule mwanga, vumbi letu jekundu la Karatu, likizunguka taratibu kama moshi wa jikoni unaotafuta njia. Miaka yote nilidhani lile duka ni chumba kidogo. Kumbe lilikuwa kubwa kiasi kile! Kumbe tulikuwa tumefungiwa chini ya mbao na juu yetu kuna nafasi ya nyumba nyingine nzima. Ukutani walikuwa wamekwangua rangi, na rangi zote za zamani zikaonekana, kijani chini ya njano, bluu chini ya kijani, na chini kabisa tope la tofali la udongo, lenye vidole vya mtu. Nilivisogelea, nikaweka vidole vyangu pale. Vikakaa. Yule aliyepaka ule udongo alikufa zamani, labda, na mkono wake bado uko dukani, nyuma ya biskuti.

Mimi ni mjenzi, ndiyo maana. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Nimejenga nyumba nne kwa mikono hii, nimekata fito, nimezipinda, nimepaka samadi na majivu kwa kiganja mpaka ukuta ukalainika. Kwa hiyo nikiona kazi ya ujenzi siwezi kupita tu.

Vitu vilikuwa vimehamahama. Nikauliza chumvi iko wapi.

"Chumvi iko kwa nepi," binti wa kaunta akasema bila kuinua macho.

"Na nepi ziko wapi?"

"Zilikuwa kwa mafuta. Leo sijui zimeamkia wapi. Yeyo, hapa tunaishi kama wakimbizi, ukiona kitu unachokipenda kikamate, kesho hukioni."

Alikuwa msichana mwembamba mwenye kope za kubandika zilizojaa vumbi, kila akipepesa zinaanguka chembe. Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka dukani ilikuwa lini.

Nikachukua sabuni. Nikachukua majani ya chai kutoka kati ya ndoo za rangi. Nikawa natafuta sukari, ndipo nikafika mwisho, kule marafu yote yameondolewa, nikaiona sakafu.

Sijui niielezeje. Nusu yake ilikuwa bado udongo na kokoto. Nusu nyingine ilikuwa marumaru, meupe yenye mishipa ya kijivu, yamelala pamoja bila moja kumzidi mwenzake. Jua lilikuwa limeangukia pale na sakafu ikalirudisha juu, ikapiga chini ya mabati, mabati yakawa yanatetemeka kwa mwanga. Ilikuwa kama maji ya asubuhi kabla ng'ombe hawajaingia. Na katikati ya mpaka wa udongo na yale maji alikuwa amepiga magoti fundi mmoja, amenipa mgongo, kofia kichwani, barakoa usoni, vumbi limemfanya awe rangi moja na sakafu.

Nikaegemea mkongojo nikamtazama.

Alikuwa amevuta uzi kutoka ukuta huu mpaka ule. Alimwaga saruji, akaipiga mistari kwa mwiko wenye meno kama mtu anayelima shamba la siafu. Akashusha jiwe kwa ncha za vidole, taratibu, namna unavyomlaza mtoto aliyesinzia usitake aamke. Kisha akachukua nyundo ya mpira, akaligonga, akainamisha sikio. Akagonga pembe nyingine, akasikiliza tena. Kuna mahali hakupaamini, akaling'oa jiwe zima, akaongeza saruji kidogo, kiasi cha tonge la mtoto, akalirudisha, akagonga, akasikiliza. Nami mbali kule nikasikia tofauti. Mara ya kwanza liliita kama debe tupu. Mara ya pili liliita kama ardhi.

Halafu akaweka juu yake pima maji, chuma kirefu chenye kioo kidogo cha maji ya kijani na tone la hewa ndani. Lile tone likakimbia huku, likakimbia kule, likaja likasimama katikati. Likatulia. Fundi naye akatulia. Wakatulia wote wawili.

Nyumba nne nimejenga, na sakafu zangu zote maji yakimwagika yanakimbilia mlangoni. Sikuwahi kujua kwamba ardhi inaweza kuambiwa ilale na ikalala. Nikasema moyoni, huyu mama yake alizaa. Nikataka kuliona lile tone kwa karibu.

Hapa namtaja mkosaji mwingine. Palikuwa na utepe mwekundu na mweupe wa kuzuia watu, na dereva mmoja wa watalii, mwenye kofia ya pama, alikuwa ameusogeza pembeni dakika hiyohiyo ili apitishe kigari chake cha maji ya kunywa upande wa ukuta. Hakuurudisha. Mimi nikaona njia iko wazi. Nikaenda.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaweka mkongojo, na jiwe likazama upande mmoja, saruji ikatoka pembeni kama uji unaochemka.

"Yeyo! Yeyooo! Unakanyaga mabichi!" Binti wa kaunta alipiga kelele mpaka watu wakatoka nyuma ya mchele. "Jamani, mama wa watu kaingia kwenye bwawa!"

Nikaganda. Nyuma yangu mawe mawili yalikuwa yameshageuka, mbele yangu saruji mbichi. Mguu mzima ulikuwa juu ya jiwe moja, mguu mbovu juu ya jingine, na mkongojo umezama. Nikihama ninaharibu, nikikaa ninaanguka. Nilitegemea matusi. Fundi gani asitukane kwa hilo? Mimi mtu akikanyaga ukuta wangu mbichi ningemfukuza na fimbo.

Fundi aligeuka. Akashusha barakoa ili aseme.

Alikuwa mkwe wangu.

Nilimwona uso mzima, mchana kweupe, mita tatu, jambo lisilotakiwa. Naye aliniona. Pale pale akapandisha barakoa, akageukia ukuta, akainamisha kichwa. Mimi nikavuta shuka nikafunika uso. Tukabaki hivyo, mtu amefunikwa katikati ya sakafu na mtu anautazama ukuta.

"He," binti wa kaunta akasema. "Mmerogana?"

Mkwe akaongea, lakini aliongea na ukuta. "Dada, mwambie mama asisogee. Mwambie hajaharibu kitu. Hayo yanatengenezeka."

"Si anakusikia? Ana masikio."

"Mwambie wewe."

Binti wa kaunta akanigeukia. "Yeyo, anasema usisogee, hujaharibu."

Nikasema ndani ya shuka, "Mwambie nyonga yangu haingoji saruji ikauke."

"Anasema nyonga haingoji. Jamani, mimi nimeajiriwa kupiga mashine, sikuajiriwa kuwa redio!"

Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Alichukua ubao mpana, akaja akitembea kinyumenyume, kinyumenyume kweli, kisogo mbele, asinitazame, akaulaza juu ya mawe kutoka kwenye udongo mpaka karibu na mguu wangu. Nilishangaa. Ni nani aliyemfundisha? Kwao wana heshima zao, lakini hii ya kisogo ni yetu. Binti yangu ndiye aliyemfundisha, na huwezi kumfundisha mtu kitu asichokitaka.

Ila ubao ulikuwa mwembamba kwa mtu wa mguu mmoja na nusu, na mkongojo usingeweza kuwekwa tena popote. Ilibidi nishikwe. Binti wa kaunta akataka kuja, mkwe akamzuia, maana naye angezamisha mengine. Akasimama kidogo. Kisha akachukua ile pima maji, akaishika ncha moja, akaniletea ncha nyingine nyuma ya mgongo wake.

"Mwambie mama ashike."

Nikashika. Kile chuma kilikuwa na joto la jua na mikono yake. Lile tone la hewa lilikuwa chini ya macho yangu kabisa, likikimbia huku na huku kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nikaliangalia hilo tu. Nikapanda ubao. Yeye akaenda mbele taratibu, mimi nikafuata, na hatukugusana.

Katikati ya ubao nikasimama. Sikupanga. Nadhani ni kwa kuwa sikuwa namwona uso, na nilikuwa nimeshaiona kazi yake kabla ya kujua ni ya nani. Nikasema kwa nguvu, "Dada wa kaunta."

"Abee."

"Mwambie huyo fundi hivi. Mbuzi si kondoo."

"Fundi, anasema mbuzi si kondoo. Hata mimi hilo nalijua."

Mkwe hakutembea. Chuma kikatulia mkononi mwangu.

"Mwambie mama, najua. Kondoo nilimpeleka. Siku ileile ya ng'ombe. Jike, mweusi, kichwa cheupe. Nilimpandisha mpaka Nainokanoka kwa miguu kutoka tulipoachwa na gari, sehemu nyingine nimembeba."

Binti wa kaunta alifungua mdomo kurudia, akaufunga. Alikuwa ameelewa kwamba hapo redio haitakiwi.

"Baba mdogo wa mke wangu akampokea," mkwe akaendelea, bado na ukuta. "Akasema mama yuko hospitali, nitamfikishia. Niliposikia mama amekasirika nikamuuliza, akasema mama ameshampata kondoo, sasa anataka mbuzi. Nikaleta mbuzi. Mbuzi akarudi. Mimi nikafikiri basi, mama hanitaki. Mwambie hivyo. Mwambie sikujua la kufanya."

Kichwa cheupe. Hakuna anayebuni kichwa cheupe. Nikamwona yule kondoo, nikamwona yumo kwenye zizi la shemeji mpaka leo, anazaa, wanamkamua, watoto wake wanaitwa kondoo wa fulani. Mtu aliyeniacha siku mbili na nyonga iliyovunjika alikuwa amenila tena, na safari hii hakuhitaji nyati. Nilitetemeka kwa hasira mpaka tone lilikimbilia mwisho wa kioo. Nilimlaani pale juu ya ubao, kwa Kimaa, na wale wachache waliojua Kimaa walitazama chini.

Lakini hasira ilipita, na kilichokuja baada yake kilikuwa kikubwa kuliko hasira. Huyu mtu alikuwa mkwe wangu muda wote. Muda wote! Kondoo alitolewa, akapokelewa na mkono wa ukoo. Kama mwivi kamla, kamla kondoo aliyekuwa wangu tayari. Nilikuwa na neno la kumwitia tangu siku ile, na nimekaa nalo limefungwa chini, kama lile duka chini ya dari yake.

Nikasema, "Paker."

Nilisema kwa sauti ndogo, sikujua kama imetoka. Kisogo chake kikatulia. Halafu akajibu, kwa lafudhi mbaya ya Kiiraqw iliyolivunja lile neno vipande viwili, "Pa-ker."

Chuma kikaanza kutembea tena. Nikafika kwenye udongo.

Binti wa kaunta alikuwa analia, kope moja imeshikilia shavuni. "Sijaelewa kitu," akasema, "lakini jamani."

Mkwe alisharudi kwenye mawe yangu matatu. Alikuwa ameyang'oa, anakwangua saruji chini yake, anaanza upya bila kunung'unika. Bila kugeuka akasema, "Dada, mwambie Paker mtoto saa hizi amelala. Akiamka saa nne akanyonya, anakuwa na furaha. Ndiyo saa nzuri."

"Yeyo, umesikia?"

"Nimesikia."

Sukari niliisahau. Nilivuka ile barabara ya lami na sabuni na majani ya chai, na magari ya watalii yalisimama kunipisha, au mimi niliona hivyo. Binti yangu alikuwa anaanika nguo. Aliponiona alishika kamba kwa mikono miwili. Sikueleza. Nilimwambia, "Nimetoka kuongea na Paker," na yeye, aliyekulia mjini lakini akaelewa, alikaa chini kwenye beseni la nguo zilizolowa.

Mtoto alikuwa ameshaamka. Ana nywele nyingi, kweli. Masikio si yangu, watu wamedanganya, ni ya Kiiraqw kabisa. Ana meno mawili chini. Hayo yaliota bila mimi, na kwa hayo mawili shemeji yangu atajibu, nitamwendea mwenyewe na mguu huu. Nikamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akashangaa, akapepesa, kisha akaushika mkongojo wangu akitaka kuula. Ncha yake ilikuwa na saruji, imeanza kukauka. Nilimnyang'anya taratibu.

Haijatoka mpaka leo ile saruji. Nikitembea kwenye lami inagonga.